Seremala wa Shati la Miraba na Ukuta wa Mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, binamu yetu aliyekuwa akisoma Boston, Marekani, alituletea kanda nne za video. Sote nyumbani tulidhani ni za arusi. Deki yetu ikazikataa, picha ikikimbia juu chini bila rangi, kwani kanda za Marekani zilirekodiwa kwa mfumo usiokuwa wetu. Ikabidi tuazime deki ya jirani aliyerudi kutoka Jeddah, iliyosoma mifumo yote. Tulipoziweka, hapakutokea bibi arusi wala ngoma; walitokea wanaume wawili wakibomoa jiko.

Kina mama waliondoka mmoja mmoja. Sisi tulibaki, na twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tangu jioni ile hatujaondoka.

Kipindi chenyewe ni This Old House. Kilianza mwaka 1979 katika stesheni ya umma ya Boston iitwayo WGBH, kwa wazo la mtayarishaji Russell Morash: ichukuliwe nyumba moja iliyochakaa, ya kwanza ikiwa mtaa wa Dorchester, kisha watazamaji waone wiki baada ya wiki jinsi inavyorudishiwa uhai wake. Mtangazaji alikuwa Bob Vila. Lakini aliyetuteka sisi ni seremala, Norm Abram, mtu mpole mwenye ndevu na shati la miraba. Husimuliwa kwamba Morash alimjua pale alipompa kazi nyumbani kwake, na kilichomshangaza si ukubwa wa kazi bali udogo wa rundo la vipande vya mbao vilivyotupwa. Nasi tuliolelewa katika nyumba ambamo hata uzi uliokatika ulikunjwa ukawekwa, tulimwelewa mtu huyo bila mkalimani.

Baadaye, mwaka 1989, Abram alipata kipindi chake mwenyewe cha useremala, The New Yankee Workshop, kilichodumu miaka ishirini. Kila mara kabla ya kuwasha msumeno wa umeme aliwakumbusha watazamaji kuvaa miwani ya kulinda macho. Tumewaona mafundi wetu wakikata vyuma macho wazi, kichwa wamekigeuza upande kana kwamba cheche zina adabu. Miwani tulinunua sisi kabla ya kununua msumeno, na watoto wakatucheka sana.

Mengi tulijifunza: kutumia pima maji na timazi badala ya kuliamini jicho, kupima mara mbili kabla ya kukata, kuzima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa waya wowote. Binti yetu, aliyekuwa akikaa nasi kutazama, alikuwa na miaka kumi na mmoja alipobadilisha mpira wa koki ya jikoni iliyotudondokea mwaka mzima. Shangazi yake aliuliza kama hiyo ni kazi ya mtoto wa kike. Jibu lilikuwa kwamba ndoo iliyokuwa chini ya koki imekauka.

Sasa tuelezee kosa letu.

Mama yetu hulala chumba cha chini kwa sababu ya magoti, katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa na wazee wake. Upana wa chumba ni ule wa nyumba zote za namna hiyo, mita mbili na nusu hivi au tatu, kwani ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Lipu ya chokaa ilikuwa ikipukutika, na kila asubuhi alikung'uta unga mweupe kwenye shuka. Katika kanda moja tulikuwa tumeona ukuta wa zege ukizibwa usipitishe unyevu. Tukanunua saruji, tukakwangua chokaa, tukapiga lipu ngumu laini kama sahani. Mama alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, ukuta huu umezoea kuvuta pumzi." Tukamjibu kwa heshima, kama mtu ajibuvyo huku ameshaamua.

Masika mawili yalipita. Lipu ilifura, ikatoa chumvi kama ukoka wa samaki ng'onda, na dari ikaanza kulia usiku. Tulimwita mwashi mmoja mzee. Hakugusa ukuta kwanza. Alipanda ngazi, akachomoa kisu kidogo mfukoni, akakidunga kwenye kichwa cha boriti pale kiingiapo ukutani, na kisu kikazama chote kama katika ndizi mbivu. Akadunga ya pili, na ya tatu. Kitanda cha mama kilikuwa chini ya hiyo ya tatu.

Usiku ule mama alihamia kwa dada yetu, nasi hatukulala. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na hewani. Chokaa huyaacha yatoke polepole, ikipukutika yenyewe ili jiwe na mti vibaki salama. Saruji huyafungia ndani, na maji yaliyofungiwa hutafuta njia, yakaikuta miti. Unga ule wa kwenye shuka ulikuwa ukuta ukifanya kazi yake.

Lililotuuma zaidi lilikuja tuliporudia zile kanda. Karibu kila nyumba, kabla ya jambo lolote, seremala huchukua chombo chenye ncha akachomachoma mbao za chini kuona kama zimeoza. Tulikuwa tumelitazama tendo hilo mara hamsini. Wao adui wao ni theluji na barafu juu ya mbao. Sisi ni chumvi na joto juu ya jiwe. Dawa zao si zetu, lakini uchunguzi ulikuwa mmoja, na ndio tulioruka ili tufike kwenye raha ya mwiko. Tena kipindi cha nusu saa hukata miezi ya kungoja, na mtazamaji hujiona fundi kabla ya saruji yake kukauka.

Kazi ya kurekebisha ilituchukua miezi minne. Saruji ilibanduliwa kwa patasi, ukuta ukaachwa uchi upigwe na upepo, boriti tatu zikabadilishwa, na chokaa ikalowekwa majini wiki kadhaa kabla ya kupakwa kwa tabaka nyembamba. Mwashi alikataa kuharakishwa. Tulipomwonyesha kanda zetu alitazama kimya hadi mwisho, akauliza swali moja tu: yule wa shati la miraba analipwa kwa siku au kwa kazi?

Mama amerudi chumbani kwake. Unga umeanza tena kudondoka kidogo upande wa dirishani, naye hukung'uta shuka kila asubuhi, akihakikisha tunamwona.