Treni ya Mabadiliko (2): Reli Hutandikwa Kwanza

Wiki iliyopita tulimwona Karl Marx akiyafananisha mapinduzi na kichwa cha treni kinachoivuta historia, na Walter Benjamin akimgeukia mwaka 1940: huenda mapinduzi ni abiria kuvuta breki ya dharura. Wote wawili waliwaza kama watu waliomo ndani ya behewa. Sisi wa Mwamanyili tuitazame treni kutoka nje, maana wilaya yetu ya Busega haina reli.

Tukisema mambo yamekuja kama treni, twamaanisha yamekuja ghafla. Haya, tuhesabu. Wajerumani walianza Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Vita vikawaondoa, Waingereza wakatandika tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika 1928. Miaka 23! Aliyezaliwa kazi ilipoanza alikuwa na umri wa kuoa.

Ghafla ilikuwa huku shambani. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilivushwa ziwani hadi Kisumu, ikapanda reli ya Uganda iliyofika huko 1901. Sasa robota likapata njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, na bei ya ng'ambo ikawa habari ya mtu wa jembe ambaye treni yenyewe hajaiona. Mchora ramani alijua mapema. Mkulima alijulia kwenye mizani. Na mizani ndiyo iliyowachosha watu kwa kupunjwa, hata Paul Bomani na wenzake wakajenga ushirika wa wakulima wa pamba, wakaunda shirikisho lao, Victoria Federation, mwaka 1955. Hao ndio ninaowaona mimi kama wavuta breki wa Benjamin, ingawa hawakutaka treni isimame: walitaka kujua nani anashika usukani wa bei.

Kwa hiyo tofauti si ya kasi. Ni ya nani alikuwapo ramani ikichorwa. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Bado kuna nafasi ya wakulima wa Busega na Bariadi kuuliza pamba yao itapakiwa wapi, na kwa nauli gani.

Wiki ijayo: Novemba 1973, Mwalimu Nyerere anatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Mabadiliko hayo yalikuja kwa malori.