Garissa: Watoto Wacheze Kabla Jua Halijawa Kali

Ratiba nyingi za shule huipa hesabu saa za asubuhi, akili za watoto zikiwa changamfu, na mazoezi ya viungo yakasukumwa hadi mchana. Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mpango huo haumdhuru mtu. Mji wa Garissa uko mita 150 hivi tu, na mwezi Machi joto la mchana hupita nyuzi 36. Kipindi cha saa nane mchana huko si kipindi cha Nairobi.

Mtoto akikimbia, takriban robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli yake hugeuka kuwa joto, na joto hilo sharti litoke. Ngozi ina nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto hutoka lenyewe. Ikishapita hapo, mambo hugeuka: mwili huanza kupokea joto la nje, na njia ya kujipoza inayobaki ni jasho peke yake. Mtoto hutokwa na jasho kidogo kuliko mtu mzima, na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupata joto upesi. Uwanja wenyewe ni mchanga mtupu unaounguza nyayo.

Kwa hiyo mwalimu huwaacha wakae kivulini, au hukitoa kipindi kwa somo linalotahiniwa. Simlaumu, hasa baada ya mashambulizi ya kigaidi, likiwemo la Kamuthe la Januari 2020, kuwafanya walimu wengi wasio wenyeji waondoke kaskazini mashariki na kuwaachia wenzao madarasa yaliyofurika. Lakini kuacha kucheza huongeza hatari ileile inayoogopwa. Mwili hulizoea joto kwa mazoezi ya siku 10 hadi 14, yakianza polepole. Aliyekaa kitako muhula mzima, kisha akatolewa mbio siku ya mashindano, ndiye wa kwanza kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mwendo kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, na angalau mara tatu kwa wiki mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Baada ya masomo watoto wengi wa Garissa huelekea duksi, yaani madrasa, na wasichana husubiriwa na kazi za nyumbani. Shule isipowapa nafasi ya kucheza, hawaipati kwingine. Mtaala hutaja idadi ya vipindi. Saa hupangwa shuleni. Kipindi kiwe cha kwanza, saa mbili asubuhi, maji yakiwa tayari kabla ya mpira.

Ramadhani, ambayo miaka hii huangukia muhula wa kwanza na itaanza Januari mwaka 2030, haidai kufuta kipindi. Asubuhi, daku ikiwa bado tumboni, kunyoosha viungo na kurushiana mpira kivulini kunatosha. Mbio ziachwe.

Hijabu nayo si kisingizio tena: FIFA iliiruhusu rasmi mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani mwaka 2017. Kinachohitajika ni kitambaa chepesi cha pamba na ua unaowasitiri wachezaji wasitazamwe na wapita njia.

Mtoto akianza kupepesuka au kusema ovyo kwa joto, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa huku msaada wa daktari ukitafutwa. Asinyweshwe kwa nguvu. Hatari hiyo ni ya kweli: Februari 2025 Sudan Kusini ilifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto.

Najua pingamizi la walimu wa hesabu: darasa la paa la mabati saa nane ni tanuri. Kweli, na hesabu itaumia. Lakini anayeketi hatoi joto kama anayekimbia, na asubuhi zisizo na mazoezi bado ni zao.