Somo la Kwanza la Kompyuta

Wiki hii tutazame kwa nini wanafunzi wenye akili nzuri huingia katika somo la kuandika programu za kompyuta, na muhula ukiisha hawataki tena kulisikia. Wapo wanaodai kwamba kazi hiyo inataka kipaji cha kuzaliwa nacho. Mimi siamini.

Harvey Mudd ni chuo kidogo cha sayansi na uhandisi huko Claremont, California, nchini Marekani. Somo la kwanza la kompyuta ni la lazima pale, kwa hiyo wasichana walilisoma, walilikimbia baadaye. Kabla ya 2006, kati ya wanafunzi 10 waliochagua fani hiyo, msichana alikuwa kama 1 tu.

Walifundishwa kwa lugha ya Java, ambayo wakati huo ilimtaka anayeanza aandike mistari kadhaa asiyoielewa kabla kompyuta haijamtolea neno moja. Tena, wavulana waliochezea kompyuta tangu utotoni walidakia kila swali, kwa maneno mazito mazito. Aliyeigusa kompyuta juzi akajiona mjinga, kumbe alizidiwa uzoefu tu.

Walimu wakabadili mambo. Waliingiza Python, ambayo mstari mmoja unatosha kuandika jina lako kwenye kioo. Wakawatenga wenye uzoefu na wasio nao, na makundi wakayaita kwa rangi za chuo, dhahabu na nyeusi, pasiwe na darasa la "wajinga". Na yule mjuaji? Mwalimu alimwita faraghani, akamwambia kwamba anafurahia mazungumzo yake, ila yanawatisha wenzake. Basi waongee wawili nje ya darasa. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote, maana halikugharimu hata senti.

Katika miaka michache wasichana walifikia 4 kati ya 10, na mwaka 2016 walizidi nusu ya waliohitimu fani hiyo. Haki isemwe, somo peke yake halikufanya yote: chuo kiliwapeleka pia wasichana wa mwaka wa kwanza kwenye mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta, na kikawapa kazi za utafiti wakati wa likizo.

Nasi tuna wanafunzi wanaogusa kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa chuoni, wakachanganywa na waliokuwa nayo nyumbani. Mhadhiri akiuliza nani amewahi kuandika programu, na mikono mitatu tu ikainuka, somo lile anamfundisha nani?