Je, Wajua? Duka Lililo Ndani ya Simu

Je, wajua kwamba iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa na duka la programu? Duka lake, App Store, lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu kama 500 tu. Kwenye simu nyingi za Android duka ni Play Store, ile alama ya pembetatu yenye rangi nne. Hadi Machi 2012 liliitwa Android Market. Ukitafuta M-Pesa humo, usikimbilie kubonyeza “Sakinisha”. Soma kwanza yale maandishi madogo chini ya jina, yanayomtaja mtengenezaji: kwa Kenya, yawe Safaricom. Programu ya tochi ikiomba kusoma namba za watu wako, ikatalie. Na ukitumiwa kiungo cha programu kupitia WhatsApp, hata na ndugu yako, usikifungue. Ingia dukani mwenyewe.