Vivinjari Vyagombewa, Mkuku Ni Mmoja

Mabishano ya barazani hayajapungua hapa Mombasa. Yaliyobadilika ni yale yanayobishaniwa. Wazee wetu walibishana juu ya Feisal na Mwenge, nani hodari wa chenga na refa yupi alimwonea nani. Walibishana juu ya vina na mizani, na juu ya kuandama kwa mwezi. La mwezi lingaliko, kama mjuavyo. Lakini jioni hizi, baada ya sala ya alasiri, kahawa chungu ikimiminwa, utawasikia vijana, na watu wazima pia, wakitoleana macho juu ya Chrome, Opera na Firefox. Huyu asema chake ni chepesi kama ngalawa. Yule asema cha mwenziwe chala bando. Wa tatu asema wote wawili hawajui kitu, dawa ni kununua simu mpya.

Msidhani ni ubishi wa kupotezea wakati. Leo anayetaka pasipoti au cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hupitia eCitizen. Anayetaka kuizuru Raudha, katika Msikiti wa Mtume kule Madina, hutakiwa aombe kibali kwa programu ya Nusuk. Mlango ukikwama, mtu hakosi upuuzi wa kutazama. Hukosa haja yake.

Na tulitazame kwanza neno lenyewe. Wengi bado wasema brauza, wala siwalaumu, ila Kiswahili kimetupa kivinjari, na kwa mtu wa pwani hilo si neno geni. Kuvinjari ni kazi ya chombo baharini: kuzunguka huku na huku, kuangalia, kufanya doria. Aliyelichukua neno hilo akalitia katika kompyuta alikuwa na sikio. Nami naongeza kwamba lingetusaidia kufahamu mambo lau tungelifuata hadi mwisho wake. Mtandao ni bahari. Tovuti ni bandari. Kivinjari ni chombo cha kukufikisha. Bahari ikichafuka, au bandari ikifungwa, hakuna faida ya kuteremka jahazi hili ukapanda lile. Walakini ndivyo tufanyavyo.

Chombo cha kwanza kiliundwa mwaka 1990 na Mwingereza Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Mwaka 1993 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina, wakatoa Mosaic. Mwaka uliofuata ikaja Netscape, ikatamba. Microsoft ikaingia mwaka 1995 na Internet Explorer, ikaifungasha pamoja na Windows, hata mnunuzi wa kompyuta akawa hana sababu ya kutafuta kingine. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaishtaki. Hakimu Thomas Penfield Jackson akaamuru mwaka 2000 kampuni ipasuliwe mapande mawili, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaitangua amri hiyo. Wakati huo Netscape ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa AOL, na mwaka 2008 ikazikwa. Internet Explorer nayo ilistaafishwa Juni 2022. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote hawapo.

Sasa sikilizeni lile ambalo barazani halisemwi. Google ilitoa Chrome Septemba 2008, na kiunzi chake, kiitwacho Chromium, ikakiacha wazi kila mtu akitumie. Wengi wakakitumia. Opera iliacha kiunzi chake ikahamia hicho mwaka 2013. Microsoft yenyewe, baada ya vita vyote vile, ikahamia mwaka 2020 kwa kivinjari chake cha Edge. Brave kimejengwa juu ya hicho hicho, na kile kinachokuja ndani ya simu za Samsung pia. Matanga yana rangi mbalimbali, jina la ubavuni ni jingine, hata nahodha ni mwingine, lakini mkuku ni mmoja. Firefox ndicho chombo kikubwa kilichobaki na mkuku wake, pamoja na Safari cha Apple. Na mwenye iPhone asijigambe kwamba ametia Chrome, maana Apple kwa miaka mingi ililazimisha kila kivinjari ndani ya simu zake kijengwe kwa mkuku wa Safari. Umoja wa Ulaya ndio ulioifungua kamba hiyo mwaka 2024, tena kwa watu wake tu.

Hivyo wawili wanaogombana, mmoja ana Chrome na mwenziwe ana Edge, ni kama wagombanao juu ya mandazi na mahamri ya unga ule ule. Tofauti zipo, sikatai. Kimoja huzuia matangazo, kingine huacha. Kimoja huuliza, kingine hakiulizi. Bali tofauti hizo ndizo hazibishaniwi. Linalobishaniwa ni mbio.

Na kwa nini makampuni yatoe vyombo bure? Kwa sababu mwenye chombo ndiye aamuaye utafikia bandari gani kwanza. Katika kesi iliyosikizwa Marekani ilifichuka kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo inayoulizwa kwanza katika simu na vivinjari vya watu wengine. Agosti 2024 Hakimu Amit Mehta akaamua kwamba kampuni hiyo ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ikataka iamriwe kuiuza Chrome, na Septemba 2025 hakimu akakataa.

Hayo ni ya wakubwa. Nirudi kwa wadogo.

Mzee mmoja wa Kibokoni, mfanyakazi wa bandari aliyestaafu, alikuwa amejiwekea akiba ya umra. Siku moja simu yake ikakataa. Si Nusuk iliyofunguka, wala tovuti ya wakala wa safari, wala habari. Kila alipogusa, yakatokea maandishi ya Kiingereza na alama nyekundu. Akaipeleka barazani. Wa kwanza akamwambia, "Ami, kivinjari hiki kimechoka, nakutilia kingine." Akamtilia, mambo yakawa yale yale. Wa pili, ambaye Kiingereza chake ni kizuri, akayasoma maandishi: saa yako iko nyuma. Akatazama saa ya simu, akatazama ya mkononi mwake. Zilipishana dakika mbili. "Simu imeharibika, mzee," akahukumu. "Hata saa yaisoma vibaya. Nunua nyingine." Ikatajwa bei, shilingi 15,000, na mzee akaanza kuhesabu atoe wapi, na pa kutoa palikuwa pamoja tu.

Aliyemwokoa ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu.

"Babu, simu yako yadhani tuko mwaka 1970!"

"Mwaka 1970 mimi nilikuwa nabeba magunia pale Kilindini," mzee akasema. "Yenyewe ilikuwa wapi?"

Mambo yalikuwa hivi. Betri ilikwisha kabisa ikalala siku kadha. Simu ilipoamka, kalenda yake ilikuwa imerudi pale hesabu yake ya wakati inapoanzia, nayo kwa simu za Android, kama kwa mitambo mingine mingi, ni tarehe 1 Januari 1970. Kile kitufe cha kuiachia simu ichukue saa na tarehe kutoka mtandaoni kilikuwa kimezimwa. Mzee akairekebisha saa kwa mkono wake, kwa kusikiliza adhana. Tarehe hakuigusa, kwani nani hutazama mwaka katika simu?

Kila tovuti iliyo salama huja na hati, mfano wa pasipoti, yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari ndicho afisa wa uhamiaji: huitazama hati, hutazama kalenda ya simu, ndipo hukupitisha. Afisa anayeamini kwamba ni mwaka 1970 ataiona kila pasipoti duniani kuwa haijaanza kazi, na atafunga lango kwa wote. Ukimleta afisa mwingine ukamwacha na kalenda ile ile, naye atafunga. Na kuanzia Septemba 2020 hati mpya hazikuruhusiwa kupita siku 398. Mwaka 2025 iliamuliwa zipunguzwe kidogo kidogo hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029. Maana yake ni kwamba simu iliyopotewa na tarehe itazidi kufungiwa milango.

Lililoniuma katika kisa hiki ni kwamba simu ilisema kweli. Ilisema kwa Kiingereza, ikasomwa na mtu ajuaye Kiingereza, na bado haikufahamika, kwa kuwa sisi tukisikia saa twafikiri saa kumi na saa kumi na moja, hatufikiri mwaka. Kiswahili kimo ndani ya simu hizi, waweza kukichagua. Niliwauliza wote waliokuwa wameketi pale. Hakuna hata mmoja aliyekichagua. Wakanambia maneno yake ni mazito, ya vitabuni. Huenda. Lakini maneno ya siasa na ya mpira nayo yalikuwa mazito yalipoingia, na ni magazeti na redio yaliyoyalainisha kwa kuyatumia.

Simwambii mtu kwamba kivinjari hakina maana abadan. Novemba 2020 shirika la Let's Encrypt, ambalo hutoa hati hizo bure kwa tovuti nyingi mno duniani, lilitangaza kwamba simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1.1 zingeacha kuzitambua hati zake, maana simu kuukuu ina daftari kuukuu la wadhamini. Likawashauri wenye simu hizo watie Firefox, kwa sababu Firefox huja na daftari lake mwenyewe. Baadaye ilipatikana njia ya kuahirisha shari hiyo, lakini hapo palikuwa mahali ambapo kubadilisha chombo kulikuwa ni dawa ya kweli.

Na iko dhuluma nyingine inayokuja polepole. Chrome iliacha kuzipa matoleo mapya simu za Android 7 mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaziacha za Android 8 na 9. Simu haizimiki siku hiyo. Yaendelea, huku tovuti moja moja ikiikataa, benki leo, ofisi ya serikali kesho. Kioo kizima, betri nzima, sauti nzima, na mtu aambiwa atupe. Mafundi wetu wa Mombasa wanaoweza kuifufua simu iliyotumbukia kisimani hawana la kufanya hapo.

Mara nyingine kosa haliko katika simu wala kivinjari, liko ukutani. Nyumba za Mji wa Kale, na za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha dhiraa. Kuta hizo hutupoza wakati wa kaskazi, na humeza mawimbi ya waifai vilevile. Watu hukitia kile kisanduku chumba cha mbele, karibu na waya uliopo, kisha aliye jikoni alalamika kwamba kampuni ni wezi. Kisanduku kikae karibu na uwazi wa kati ya nyumba, kile wazee wakiitacho kiwanda, ambapo mawimbi yapata pa kupita. Na kama kisanduku chatoa njia mbili, ile ya gigahezi 5 ina mbio lakini hushindwa na ukuta mapema. Ya gigahezi 2.4 huvumilia zaidi.

Mara nyingine tena kosa liko baharini, bahari ya kweli hii, si ya mfano. Nyaya za mtandao huchomoza pwani kwetu: TEAMS kutoka Fujaira na SEACOM, zote za mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010 na LION2 mwaka 2012. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Februari 2024 nyaya tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu, na inadhaniwa ni nanga ya meli Rubymar, iliyopigwa kombora na Wahuthi ikawa yaelea ikiburura. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, mtandao ukazorota Kenya, Tanzania na kwengineko. Aliyeshinda siku hiyo akifuta kivinjari na kukitia upya alitwanga maji kinuni.

Limebaki la bando, ambalo ndilo lenye kelele nyingi. Ukurasa wa wastani wa tovuti ulikuwa umepita megabaiti 2 kufikia mwaka 2024, mwingi wake picha, matangazo na maandishi ya mitambo yasiyoonekana. Mwenye gigabaiti moja basi hufungua kurasa 400 na ushei, na hapo hajagusa video. Opera Mini ilipendwa sana Afrika tangu mwaka 2006 kwa sababu haikuchota ukurasa mzima: seva za Opera ziliusoma kwanza, zikaubana, ndipo zikauleta mdogo. Chrome nayo ilikuwa na njia ya namna hiyo, ikaiondoa Machi 2022 ikisema gharama za data zimeshuka. Zimeshuka kwa nani, hawakutaja.

Opera Mini ingaliko na bado yabana, na kwa kusoma habari na matokeo ya mpira yafaa. Ya benki na ya M-Pesa mimi singeyapitishia njia ambayo mtu wa kati husoma kwanza. Zaidi ya hapo, nendeni katika mipangilio ya simu mzime video zinazojicheza zenyewe, na muiamuru simu isilete matoleo mapya ya programu illa ikiwa kwenye waifai. Kisha mtazame tarehe.