Kutoonekana si Kutokuwepo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, atazamaye kusini akiwa Same, katika usiku wa Mei au Juni usio na mwezi, huona ule ukanda wa nyota uitwao Njia Nyeupe. Kando ya Msalaba wa Kusini pana doa jeusi, ambalo wataalamu wa falaki hulifananisha na gunia la mkaa. Je, hapo hakuna nyota?

Mwaka 1785 William Herschel, aliyeishi Uingereza, alitangaza matokeo ya kuhesabu nyota katika maeneo zaidi ya 600 ya mbingu. Akahitimisha kuwa jua letu li karibu na kitovu cha mkusanyiko wote. Leo imethibiti kuwa kitovu hicho ki umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000. Kilichomziba ni vumbi lililotanda baina ya nyota, na mwaka 1930 Robert Trumpler wa Marekani alithibitisha kuwa linafifisha nuru yake.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo ifichuayo pazia. Ukungu ukishuka usiku juu ya milima ya Upare, aliye bondeni huona taa za vijiji vya mlimani zikipungua, wala hasemi kuwa watu wamehama. Hulinganisha na upande ulio wazi, akajua ukungu umefunika wapi. Ndivyo alivyofanya Max Wolf wa Ujerumani mwaka 1923. Alihesabu nyota za sehemu yenye giza na za sehemu safi jirani yake, akizipanga kwa daraja za mwangaza. Kadiri zinavyopungua, ndivyo vumbi lilivyo zito. Na daraja ambapo upungufu unaanzia hudokeza umbali wa wingu, kwa kuwa nyota zilizo mbele yake hazifichwi.

Wanavyuoni wetu wana kanuni kuwa kutokipata kitu si dalili ya kutokuwepo kwake. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwezi ukifichwa na mawingu, tukamilishe siku thelathini. Hakutuamrisha kukisia wala kugombana, bali kuhesabu.

Basi ni jambo la kusikitisha kuona waumini wa wilaya moja wakinuniana siku ya Idi. Aliye Chome, chini ya ukungu wa Shengena, asimwite mwongo mwadilifu aliyeuona mwezi katika anga safi ya Makanya. Ausikilize ushahidi wake. Na aliyeuona asimdharau ndugu yake aliyekamilisha thelathini kabla habari haijamfikia. Huyu amezibwa na ukungu, hakuasi.

Mwenyezi Mungu atuondolee pazia la macho na la nyoyo. Wabillahi tawfiq.