Uvimbe wa Punda: Tupime Kabla ya Kukata

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa mapema, mahali paitwapo Kingaru, hata kabla msafara haujaziacha nchi zilizo karibu na pwani. Mmoja wao alipopasuliwa, tumbo lake lilikutwa limejaa minyoo. Kwa hiyo sababu ilitafutwa, lakini ilitafutwa ndani ya mzoga, wakati ambapo kuijua hakukuweza tena kumfaa mnyama. Makala haya yahusu kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kutafuta sababu ya maradhi mnyama angali hai, na kuamua la kufanya kabla sababu hiyo haijathibitika.

Msomaji atauliza kwa nini farasi ni wachache sana katika nchi zetu za bara. Sababu mbili ni kubwa. Ya kwanza ni tauni ya farasi wa Afrika, ugonjwa wa virusi uenezwao na vijidudu vidogo warukao usiku, ambao huua farasi wengi sana, na ambao dalili yake mojawapo ni kuvimba mashimo yaliyo juu ya macho. Ya pili ni mbung'o, ambaye huambukiza nagana. Punda aghalabu huhimili ule ugonjwa wa kwanza bila hata kuonyesha dalili, ingawa nagana humsumbua. Ndiyo maana katika njia ya misafara punda alidumu mahali ambapo farasi hakuweza, na ndiyo maana methali yetu husema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike," wala haimtaji farasi.

MKASA WA ULYANKULU

Ulyankulu imo katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, katika nchi ya miyombo iliyokuwa chini ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1972 palianzishwa hapo makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wakazi hulima mahindi na tumbaku, na vitalu vya tumbaku huhitaji maji kila siku wakati wa kiangazi.

Katika ziara moja huko, mzee mmoja aliniomba nimtazame punda wake jike. Punda huyo alikuwa akibeba madumu manne ya maji, safari mbili kwa siku, na bila yeye kazi hiyo ingeangukia vichwani mwa wajukuu wawili wa mzee, ambao wote walikuwa wanafunzi. Kifuani, karibu na mahali upitapo ukanda wa matandiko, palikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa ndimu ndogo.

"Mwalimu," alisema mzee baada ya kuamkiana, "watu watatu wamenishauri, na kila mmoja ana neno lake. Wa kwanza asema ni jipu, nikitie chuma motoni nilipasue. Wa pili asema ni kansa, nimuuze kabla hajakonda. Wa tatu asema nimwache, kitaondoka chenyewe. Nimfuate nani?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, huenda yeyote kati yao akawa na haki. Tumtazame punda kwanza."

NENO MOJA, MAMBO MENGI

Neno "uvimbe" hueleza umbo tu, halielezi sababu. Vitu vingi visivyo na udugu wowote huweza kuinua ngozi ya mnyama, na tiba ya kimoja huweza kuwa mauti kwa kingine. Tuvitazame vile vilivyo muhimu.

Jipu hutokea vijidudu vinapoingia chini ya ngozi na mwili kuvizingira kwa usaha. Huwa na joto, huuma, na baada ya siku kadhaa hulainika mahali pamoja. Jipu lililoiva hupona likifunguliwa na kusafishwa. Hapa mshauri wa kwanza angekuwa na haki.

Damu iliyovilia hutokea baada ya teke au pigo. Huja ghafla, kwa saa chache, nayo ni laini kama mfuko wa maji. Ikikatwa mapema, mshipa uliokwisha kuziba huanza tena kutoka damu, na vijidudu hupata mlango.

Ngiri ya kitovu huonekana chini ya tumbo, hasa kwa wanyama wachanga. Ukiusukuma uvimbe huo taratibu, aghalabu hurudi ndani, maana kilichomo ni mafuta au utumbo wenyewe. Mtu akidhani ni jipu na kulipasua, atakuwa amepasua utumbo.

Maji chini ya ngozi ya tumbo na miguu huweza kuwa dalili ya nagana. Ukibonyeza kwa kidole na kuondoa, shimo hubaki kwa muda. Hapa ugonjwa umo katika damu, na kisu hakina kazi. Dawa yake hutolewa na mtaalamu, kwa sababu baadhi ya dawa zilizozoeleka kwa ng'ombe huweza kumdhuru punda.

Mafuta ya shingoni si ugonjwa wa ngozi hata kidogo. Punda aliyeshiba huhifadhi mafuta juu ya shingo, hata ikawa kama nundu ngumu.

Mwisho ni sakoidi, uvimbe wa ngozi uonekanao zaidi ya aina nyingine zote za vivimbe kwa farasi na punda duniani. Ulielezwa na mtaalamu Jackson huko Afrika Kusini mwaka 1936. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba unahusiana na virusi vya chunjua za ng'ombe, na nzi hushukiwa kuwa wachukuzi. Sakoidi haisambai kwenda katika mapafu au ini kama zifanyavyo kansa nyingi, lakini ina tabia moja mbaya: ikikatwa nusu nusu, au ikichokozwa kwa moto na kisu, mara nyingi hurudi, tena hukua kwa kasi kuliko mwanzo.

MASWALI KABLA YA KISU

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wetu hakumruhusu mwanafunzi kushika kisu kabla hajaandika nusu ukurasa juu ya alichokiona. Wakati ule tuliona ni usumbufu. Baadaye nilitambua kwamba nusu ukurasa huo ulikuwa ndio sayansi yenyewe. Maswali tuliyojifunza kuyajibu ni haya:

1. Uvimbe uko wapi, na je, kamba au ukanda hupita hapo?
2. Ulianza lini, na umekua kwa saa, siku, au miezi?
3. Una joto kuliko ngozi ya upande wa pili?
4. Mnyama huumia ukiguswa?
5. Ni mgumu, laini, au hubonyea?
6. Huteleza pamoja na ngozi, au umeshikamana na nyama iliyo chini?
7. Upo mmoja tu, au kuna mwingine mwilini?
8. Mnyama mwenyewe ana hali gani: hula, hunywa, ana homa?

Kwa swali la mwisho hapana budi kujua hali ya kawaida. Joto la punda mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8 za Selsiasi, chini kidogo kuliko la farasi. Moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika, naye huvuta pumzi mara 12 hadi 28. Tena yafaa kukumbuka kwamba punda ni mnyama mvumilivu. Huficha maumivu, na akiacha kula, ujue hali imekwisha kuwa mbaya.

TULICHOKIONA NA TULICHOAMUA

Punda wa mzee alikuwa akila vizuri. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 37.2. Uvimbe ulikuwa na joto sawa na ngozi nyingine, haukuuma, wala haukubonyea. Ulikuwa mgumu, usio na manyoya, nao uliteleza pamoja na ngozi. Mzee alikumbuka kwamba ulianza kama punje ya mahindi wakati wa mvua zilizopita, yaani miezi minane nyuma. Tulipotazama ndani ya paja tukakuta mabaka mawili madogo, makavu, yenye magamba kama chunjua, ambayo hakuna aliyeyaona kabla. Tena punda huyo alilala zizi moja na ng'ombe.

Haya yote yaliondoa jipu, maana jipu la miezi minane lisilo joto wala maumivu ni jambo la nadra. Yaliondoa pia damu iliyovilia, ngiri na nagana. Sakoidi ikabaki kuwa dhana yenye nguvu zaidi. Nasema dhana, kwa sababu uthibitisho hupatikana kwa hadubini tu, baada ya kukata kipande, na kukata kipande cha sakoidi kwaweza kuiamsha. Basi tulikuwa na hatari pande mbili, nasi ilitupasa kuzipima. Kuujua ukweli wote kungeweza kumdhuru mnyama, na kutokuujua kulituacha na shaka.

Tulishauriana na Bwana Mifugo wa kata, tukakubaliana mambo manne. Chuma cha moto kisitumike. Ukanda wa kifua uhamishwe, na mahali unapogusa pawekwe kitambaa kinene cha pamba, ili ngozi isisuguliwe. Punda atengwe na ng'ombe usiku, na mbolea iondolewe zizini ili nzi wapungue. Uvimbe upimwe kila tarehe mosi ya mwezi. Endapo utakua haraka, utapasuka, au utamzuia kufanya kazi, ndipo daktari wa mifugo aitwe kuuondoa wote kwa mara moja, na kipande kipelekwe maabara.

HESABU YA UZI

Mzee hakuwa na rula. Tulitumia uzi wa katani: tukauzungusha kwenye uvimbe, tukafunga fundo mahali ncha zilipokutana. Kila mwezi fundo jipya lingefungwa katika uzi uleule.

Wanafunzi wa hisabati wataona kwa nini jambo hili si dogo. Ujazo wa kitu cha mviringo hufuata kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Uvimbe wa sentimita 2 ukifika sentimita 4, jicho huona umekuwa maradufu, lakini kiasi chake kimekuwa mara 8. Hata kutoka sentimita 2 hadi 2.5, ongezeko ambalo jicho halilioni kwa urahisi, ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili. Kumbukumbu ya macho haitoshi. Fundo la uzi halisahau.

MAMBO YASIYONGOJA

Kungoja kunafaa pale tu panapokuwa na upimaji. Lakini kuna hali ambazo kungoja ni kosa. Uvimbe wenye joto na maumivu kooni, kifuani au tumboni, uliokuja ghafla pamoja na homa kali, huenda ukawa kimeta. Mnyama huyo asiguswe bila kinga, na akifa asipasuliwe wala kuliwa, maana chembe za kimeta hukaa ardhini miaka mingi na humwua binadamu. Tezi zilizovimba chini ya taya pamoja na usaha puani zaweza kuwa ugonjwa wa kuambukiza, basi mnyama atengwe mara moja. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani ikaacha kurudi, huku mnyama akigaagaa, huhitaji daktari siku ileile.

Miezi mitano baada ya ziara ile, mjukuu wa mzee aliniandikia. Uzi ulikuwa na mafundo sita: manne ya kwanza yalikaribia kukaa mahali pamoja, na mawili ya mwisho yalikuwa yamesogea kwa upana wa punje ya mchele. Punda alikuwa bado anabeba maji. Mzee alitaka kujua kama sasa wakati umefika wa kumwita daktari wa mifugo. Nilimjibu kwamba umefika: kiasi cha uvimbe ni kidogo bado, wote waweza kuondolewa kwa mara moja, na safari hii tunakwenda kwa daktari tukiwa na kumbukumbu mkononi.

ZOEZI LA DARASANI

Chagueni mnyama mmoja wa jirani kwa idhini ya mwenyewe. Simameni ubavuni, karibu na bega, kamwe si nyuma yake. Hesabuni pumzi zake kwa dakika moja asubuhi na jioni kwa siku saba, mkachore grafu. Kisha jadilini: ikiwa siku ya nane hesabu imepanda maradufu, ni maswali gani mtauliza kabla ya kutaja jina la ugonjwa wowote? Nawaeni mikono kwa sabuni baada ya kazi.